Moshi wa Kaskazi: Wao Huondoka, Sisi Je?

Ndugu msomaji, kama u mzaliwa wa visiwa hivi huna haja ya kuelezwa Machi ni mwezi wa namna gani. Kaskazi iliyovuma tangu Disemba huwa imeanza kuchoka, kusi haijaingia, na katikati yake ndiyo hiyo maleleji. Bahari hutulia kama mafuta ndani ya sinia, mashua hukaa matanga yamelegea, na punda husimama kwenye kivuli cha vichochoro wakakataa katakata kutoka. Kipimajoto husema nyuzi 32 au 33 tu, na mwenzetu anayetoka Garissa atatucheka, kwani kwao hizo ni nyuzi za kawaida. Lakini joto letu lina maji ndani yake. Shati hulowa kabla ya gwaride la asubuhi kwisha. Na upepo unapokufa hivyo, moshi nao hukosa wa kuuchukua.

Ni kuhusu moshi huo nataka kutoa maoni yangu katika jarida letu. Najua wako watakaosema kwamba mada hii si ya chama cha Kiswahili, iachiwe chama cha mazingira. Sawa. Lakini niliyoyaona Machi 2025 yalikuwa mambo ya maneno sawa na yalivyokuwa mambo ya moshi: nani ana haki ya kulalamika, nani huambiwa anyamaze, na nani hasemi neno ilhali yeye ndiye anayekohoa.

Khalati yangu ni mpishi katika nyumba moja ya wazungu kule Shela. Nyumba yenyewe sitaitaja, wala wenyewe sitawataja, kwani wamenitendea wema na tena wanasoma Kiswahili kidogo. Ni mume na mke, wazee waliostaafu kwao Ulaya, na wameishi hapa tangu mimi sijazaliwa. Si watalii hawa. Bei ya changu na tafi wanaijua, nahodha wa kumwamini wanamjua, na stima ikipotea husema "haya tena" kama sisi. Mke humwita khalati "dada", naye khalati humwita "mama" ingawa yule mama hana mtoto. Wakati wa likizo mimi huenda kumsaidia khalati kubeba vitu kutoka gatini, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu.

Watu wengi hudhani mzungu wa Shela anaishi kwa raha saa ishirini na nne. Kusema kweli, joto la Machi humpiga kama linavyotupiga sisi. Alfajiri utawakuta wote wawili ghorofa ya juu, chini ya makuti, wakitafuta upepo ambao haupo. Ikifika saa nne madirisha ya upande wa jua hufungwa yote. Mume hushinda na kikoi kimoja tangu asubuhi hadi usiku, na mke hulala mchana juu ya sakafu, mashavu yake yakigusa chokaa, kwa sababu hapo ndipo penye ubaridi. Panka huzunguka juu yao kama punda wa kusindika simsim, haliachi wala halifiki. Jioni hukaa na kuhesabu siku. Khalati anasema kila mwaka ni maneno yale yale: tikiti ya ndege ni ya tarehe ngapi, na nani atakaa na paka.

Maana huo ndio utaratibu wao. Pasaka ikipita na mawingu ya masika yakianza kukusanyika, wengi wao huondoka. Baadhi ya hoteli hufunga pia. Ufunguo hupewa mtu kama khalati, na nyumba hufunikwa mashuka. Watarudi Julai kusi ikiwa imetulia kidogo na hewa ni nzuri. Siwalaumu. Mimi pia kama ningekuwa na tikiti ya Machi ningepanda.

Sasa Machi 2025 ilikuwa na jambo lake. Ramadhani ilianza tarehe 2, yaani mfungo wote uliangukia kwenye joto hilo hilo. Jioni kila nyumba ina moto: huku mkate wa mofa, huku sambusa, huku samaki. Ng'ambo ya Manda tanuu la chokaa lilikuwa limewashwa, na kile kidogo cha kaskazi kilichobaki kiliuleta moshi wake moja kwa moja hadi upande wetu. Bara nako wakulima walikuwa wakichoma mashamba kungojea mvua. Juu ya yote hayo, kila mtaa ulikuwa ukichoma taka zake, kwa sababu Ramadhani taka huongezeka na pa kuzipeleka hapaongezeki. Usiku mmoja nilitoka tarawehe nikaona taa za barabarani zina duara la manjano, kama mwezi wenye ukungu.

Siku chache baadaye karatasi ilibandikwa ukutani karibu na gati. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, juu Kiingereza, chini Kiswahili cha ajabu kidogo. Iliandikwa na "wakaazi wanaohusika". Iliwaomba wanakijiji waache kuchoma taka asubuhi na jioni, na wenye tanuu wahamie mbali, kwa sababu moshi unaharibu sifa ya kisiwa na kuwasumbua wageni. Mwisho ilisema asante kwa ushirikiano wenu.

Ndugu msomaji, karatasi hiyo haikumaliza siku mbili. Lakini barazani ilidumu wiki nzima. Ami yangu mmoja, ambaye hashindwi na maneno, aliinua mikono akasema, "Hao wana pa kwenda. Moshi ukiwawasha mato, ndege hiyo Manda, nauli wanayo. Sisi babu zetu walizaliwa ndani ya moshi, wakafa wana meno yao." Watu wakacheka. Mwengine akasema kwamba mzungu alikuja hapa kutafuta maisha ya kale, sasa ameyapata anataka yazimwe. Watu wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nimeketi ngazini na nilicheka pia, tena kwa sauti. Niliona ami ametusemea.

Usiku wa tatu baada ya kicheko hicho zamu ya kuchoma taka nyumbani ilikuwa yangu. Sikufanya lolote la ajabu. Nilikusanya za siku mbili: maganda, majani ya ndizi, pakiti za maziwa na za biskuti, chupa mbili za soda, na kandambili iliyokatika. Nikaziwasha nyuma ya nyumba kama nilivyofanya tangu nina umri wa miaka kumi. Ile kandambili ndiyo iliyochukua muda. Huungua polepole, ikatoa moshi mweusi mzito, na kwa kuwa hapakuwa na upepo, moshi ulipanda hadi usawa wa dirisha ukakaa pale pale kama mtu aliyeitwa.

Ndani ya dirisha hilo hulala mdogo wangu. Ana miaka sita, na ana pumu.

Saa saba za usiku mama aliniamsha. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda juu, kifua kikilia kama filimbi iliyozibwa, na midomo yake haikuwa na rangi yake. Baba alimchukua begani tukaenda hospitali kwa miguu, maana kwetu hakuna gari la kumpakia mgonjwa na punda angetuchelewesha. Waliompokea walimwekea mashine ya mvuke. Yule daktari wa zamu, kijana tu, aliuliza bila kuinua kichwa, "Nyumbani mnachoma nini?" Mama akajibu, "Taka tu, mwanangu, kama watu wote." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono yangu bado inanuka moshi. Sikusema kitu. Tulirudi nyumbani karibu na daku, naye amelala begani kwa baba, anapumua.

Tangu siku ile nimeifikiria sana ile karatasi ya ukutani. Nilipenda iwe ya uongo. Lakini haikuwa ya uongo. Ilisema moshi ni mbaya, na moshi ulikuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba ilitaja aliyeumia kuwa ni mgeni na sifa ya kisiwa, ikamsahau mtoto anayelala dirishani. Na kosa letu sisi barazani ni kwamba tulimjibu aliyesema badala ya kulijibu neno lenyewe. Kwa kuwa alilisema mzungu mwenye tikiti, tukaona tumeshinda. Tumeshinda nini, jamani? Yeye ameondoka Aprili. Sisi tumebaki na moshi na hoja yetu nzuri.

Hata hivyo sitaki mtu adhani nimegeuka kuwa wakili wa wazungu. La hasha! Kuna jambo moja katika karatasi ile lililoniudhi, nalo ni la tanuu.

Tanuu la chokaa si taka. Wale ambao hamjawahi kuliona, ni hivi: magogo ya mikoko hupangwa kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, na mawe ya matumbawe hurundikwa juu yake, kisha huwashwa moto. Jiwe likiiva hugeuka jepesi na jeupe. Likimwagiwa maji hupasuka na kuvimba na kuwa unga, na unga huo ukilazwa vizuri ndio chokaa iliyojenga mji wa Lamu, pamoja na zidaka, misikiti, na ngome ambayo ilikamilika mwaka 1821. Ukuta wa mawe na chokaa ni mnene, huchelewa kupata joto, na hupumua unyevu. Ndiyo sababu nyumba ya kale ina ubaridi saa nane za mchana, na nyumba ya simenti na mabati, ambayo ndiyo tunayojenga wengi wetu sasa kwa kuwa ni ya haraka, ni tanuri la kuokea watu. Mwaka 2001 UNESCO ilipouweka mji wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, ilikuwa pamoja na kuta hizo.

Je, ni nani ananunua chokaa nyingi siku hizi? Si ami yangu. Ami yangu ana mabati. Ni wenye kufufua nyumba za kale, na Shela wengi wao ni wageni. Nyumba ya kina khalati ilipakwa upya Januari ile ile ya 2025, na fundi alikaa wiki tatu akipiga lipu hadi ikang'aa kama yai. Yaani yule mama aliyelaza shavu lake sakafuni kutafuta ubaridi alikuwa amelalia moshi wa tanuu, ila umekwisha kupoa. Kumwambia mchoma chokaa ahame, na wewe ndiwe mteja wake, si haki. Afadhali mtu aseme: tununue chokaa, lakini tuzungumze na mwenye tanuu awashe kusi ikivuma, moshi uende baharini na barani, asiwashe kwenye maleleji ukatulalia sote. Hilo lingezungumzika. Tena lingezungumzika Kiswahili, ana kwa ana, na kahawa.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba tuanze kuitenganisha mioshi yetu. Tumezoea kusema moshi ni moshi. Si kweli. Moshi wa tanuu ni wa siku kadhaa kwa msimu, na una kazi. Moshi wa jikoni ni wa kila siku, na huu tunauonea haya kuutaja kwa sababu ni wa mama zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa. Kinachoua si ule weusi unaouona ukutani. Ni chembe ndogo sana, hebu nieleze vyema: ukigawanya milimita moja mara elfu, chembe hiyo haizidi vipande viwili na nusu. Unywele wa mtu ni mnene kuishinda mara thelathini hivi. Chembe kama hiyo haizuiwi na pua wala koo, hushuka hadi mwisho wa pafu. Bibi yangu amepika mofa kwa miaka zaidi ya arubaini, na kila alfajiri hukohoa mara tatu kabla ya kutia udhu. Tulipokuwa wadogo tulidhani ndiyo namna yake ya kutuamsha.

Siwezi kumwambia bibi aache kupika. Gesi ina bei yake na nyumba yetu ina watu tisa. Nimetoa tofali mbili ukutani juu ya jiko lake, kwa ruhusa ya baba, moshi upate pa kutokea. Si dawa, lakini ukuta wa ndani umepunguza weusi.

Ni moshi wa tatu ambao hauna kisingizio, nao ni wa plastiki. Ami alisema babu zetu walizaliwa ndani ya moshi. Naam, lakini moshi wa babu zetu ulikuwa wa mkoko na kumbi za nazi. Babu yangu hakuchoma kandambili. Taka za nyumba ya babu punda alikula, mbuzi alikula, na zilizobaki zilioza zikawa mchanga. Sisi tunachoma chupa, mabomba, waya na pakiti, vitu ambavyo vikiungua hutoa sumu kama dayoksini ambazo hazina harufu ya kukuonya. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kweli vichaka vyetu vilipata nafuu. Lakini sheria ile ilikuwa ya mifuko. Pakiti ya biskuti haikuguswa.

Wala tusiseme hatuna la kufanya na plastiki hapa Lamu. Ni hapa hapa mafundi wa majahazi, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walitengeneza jahazi dogo la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, na kulipamba kwa maelfu ya kandambili kuukuu. Mapema 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, masafa ya kilomita 500 hivi. Dunia nzima ikaliandika. Nami, mwana wa Lamu, mwaka 2025 nikaichoma kandambili chini ya dirisha la mdogo wangu. Nikikumbuka hayo hujiona mjinga.

Kuna mtu mmoja alinifungua macho zaidi, naye pia ni mzungu, sina budi kusema. Mwishoni mwa Machi ile ile nyumba ya kina khalati ilipata mgeni. Mzee huyu alikuwa ameishi miaka sita Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand. Aliniambia alikuja kwa rafiki zake Lamu kuukimbia moshi. Nilishindwa kujizuia kucheka, naye akacheka pia, maana tulikuwa tumekaa juu ya paa na Manda haionekani vizuri.

Akanieleza. Mji ule umezungukwa na milima. Kuanzia Februari hadi Aprili, kabla ya mvua, mabua ya mahindi huchomwa mashambani na misitu huungua, huko kwao na katika nchi jirani za Myanmar na Laos, na moshi huingia bondeni ukakaa, kwa sababu hewa haisogei. Ni maleleji yao, ila ya miezi mitatu. Machi 2023 mji huo ulikuwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kupita yote duniani. Wageni wanaoishi kule, wastaafu na wale wanaofanya kazi kwa kompyuta, wana desturi: Februari ikikaribia hufunga mizigo wakaenda visiwa vya kusini au nchi nyengine, mvua ikinyesha hurudi. Wasioweza hufunga madirisha na kununua mashine za kuchuja hewa, na kila asubuhi hutazama namba kwenye simu kujua kama watatoka nje au la. Alinionyesha picha ya jua kama chungwa saa sita za mchana.

Nikamwuliza kwa Kiingereza changu, "Na majirani wako, wenyeji?" Akanyamaza kidogo. Akasema yule mama aliyekuwa akimfulia nguo hakuondoka mwaka wowote. Alivaa barakoa akaendelea kufua.

Nilimfikiria khalati.

Lakini hadithi ya Chiang Mai haikuishia hapo, na hili ndilo ninalotaka mlichukue. Wakaazi wa kule mwaka 2023 waliishtaki serikali yao kwa kushindwa kuwakinga na moshi, na Januari 2024 mahakama ya utawala ya Chiang Mai iliiamuru serikali itoe mpango wa dharura ndani ya siku 90. Moshi haukwisha kwa hukumu hiyo, mabua hayasomi hukumu. Lakini neno lilitoka kwa wanaobaki, na mtu hakuweza kuwaambia "ndege hiyo, nendeni".

Sisi tulikwisha kufanya kama wao, tena mapema. Wengi wetu tulikuwa wadogo, basi tuwaulize wazazi. Ilipangwa kujengwa Kwasasi, huko bara kaskazini mwa mji wetu, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na bomba lake la moshi lingekuwa na urefu wa mita 210. Wavuvi, kina mama, walimu wa madrasa na vijana walipinga. Save Lamu pamoja na wakaazi wengine walipeleka kesi, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la rufani za mazingira lilifuta leseni ya mtambo huo, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ami yangu, huyu huyu wa barazani, aliandamana. Ana fulana yake mpaka leo, ya njano, amekataa ifanywe tambara.

Nilimwendea kwa hoja hiyo baada ya Idi. Nikamwambia, "Ami, moshi wa mita 210 uliukataa kabla haujafika. Huu wa nyuma ya nyumba mbona waukubali?" Akanitazama kwa muda. "Ule ulikuwa wa matajiri," akasema. "Huu ni wetu." Nikamwambia mdogo wangu hajui moshi ni wa nani. Akasema, "Huyui adabu wewe," lakini hakusema kwa hasira, na nilimwona baadaye akizitoa chupa kwenye lundo lake kwa mguu.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba walimu wangu mnistahimilie. Shuleni kwetu kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho taka za madarasa yote hupelekwa kwenye shimo lililo nyuma ya kidato cha pili. Zamu huwa ya darasa kwa darasa. Ndani yake mna kalamu zilizokwisha wino, pakiti za krisi, chupa, na majalada ya daftari. Kiberiti huwashwa na aliye mrefu zaidi, mimi nimekiwasha mara nyingi. Kidato cha pili huwa bado wamo ndani wakimalizia usafi, na wakilalamika tunawaambia wafunge madirisha. Madirisha yenyewe mawili hayana vioo.

Tunaandika insha nzuri sana kuhusu mazingira. Mimi mwenyewe nimewahi kupata alama 17 juu ya 20 kwa insha ya uchafuzi wa hewa, na Ijumaa hiyo hiyo nikawasha shimo. Wazungu wa Shela tunawacheka kwa sababu wanalalamikia moshi na huku wanaununua katika chokaa. Na sisi tunaosahihishiwa insha tukaenda kuwasha, tutachekwa na nani?

Sijaomba serikali ije, wala sijaomba fedha. Ninachoomba ni vipimo viwili tu. Kwanza, plastiki isiingie shimoni, iwekwe kando, na kila mwisho wa muhula ipelekwe kwa wanaoikusanya mjini. Mabaki ya chakula yapewe punda, ambao kwa sasa wanakula karatasi. Kitakachobaki ni majani na vumbi. Pili, hicho kitakachobaki kisichomwe siku ambayo bendera ya shule imelala. Bendera tunayo, mlingoti tunao, kipimo cha upepo hakihitaji kununuliwa. Bendera ikilala, kiberiti kilale.

Mwalimu wa zamu niliyemweleza hakukataa. Aliniuliza nani atasimamia. Nikasema mimi, pamoja na wenzangu watatu wa chama ambao walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama chini. Tumepata mapipa mawili ya rangi yaliyokwisha, kutoka kwa fundi aliyepaka nyumba ya jirani yetu, tumeyaosha, na moja tumeliandika PLASTIKI kwa herufi ambazo hata aliyechelewa gwaride ataziona. Yako ukutani karibu na maktaba. Ijumaa ijayo zamu ni ya darasa letu, tutaanza saa tisa na nusu, na anayetaka kuja kutucheka aje na takataka zake mkononi.